Salamu za Maman Lucienne mahakamani

Kwa miaka mingi Lucienne Mwamba alisafisha ofisi karibu na kituo cha metro cha Schuman. Aliingia kabla ya wenye ofisi, akatoka wakati wao wanaingia. Mara moja au mbili kwa mwezi, akitoka pale, hakurudi nyumbani. Alibadilisha nguo kwenye chumba cha ndoo na mifagio, akavaa koti lake la kijani, akapanda metro hadi Louise, akaenda kuketi kwenye kiti cha hakimu.

Ubelgiji, katika mahakama ya kazi, kesi haikatwi na mwanasheria peke yake. Kulia na kushoto kwake huketi watu wawili wasiosomea sheria, mmoja amependekezwa na waajiri, mwingine na vyama vya wafanyakazi. Huitwa mahakimu wanajamii. Hawavai joho, lakini wanaapa, na hukumu hutoka kwa majina ya wote watatu. Sisi tuliokuwa majirani zake Saint-Gilles hatukujua kwamba kuna kitu cha namna hiyo, mpaka mmoja wetu alipowekwa hapo.

Lucienne alizaliwa Likasi. Alikuja Brussels kumfuata mumewe aliyekuwa mwanafunzi, na mume akafariki wakati binti yao Keren hajaanza shule. Mwaka 2001 alipata uraia. Wenzake wa kazi walimchagua kuwa mwakilishi wao, na hapo ndipo alipoanza kusoma hukumu. Chama chao cha wafanyakazi kilikuwa na jarida lililotoa habari za kesi mpya, na Keren alimtafutia nyingine kwenye kompyuta ya maktaba. Alizisoma polepole, kalamu mkononi, kama watu wengine wanavyosoma Biblia.

Jumatano jioni jikoni kwake palijaa wanawake. Rafiki yake mkubwa Adelina, Mtanzania wa Bukoba aliyesafisha naye, ndiye aliyekuwa akianzisha.

"Haya, dada, wiki hii mahakama zimesema nini?"

"Leo njo ya nyumba," alijibu Lucienne kwa Kiswahili cha kwao, chenye "njo" badala ya "ndiyo" na Kifaransa ndani yake. "Propriétaire mumoja, mwenye nyumba, alibadirisha serrure ya mulango, akafungia maman mumoja inje, sababu ya wageni wengi. Juge de paix, hakimu wa mambo ya nyumba, anasema non. Hata kama wageni banajaa mpaka mu escalier, hauwezi kutosha muntu inje ya nyumba bila hukumu."

"Mpaka kwenye ngazi! Huyo alikuwa na msiba au harusi?"

"Hukumu haisemi, Adelina. Mi niko nasoma yenye iliandikwa."

"Basi hukumu haijakamilika," alisema Adelina, na wote wakacheka.

Wiki nyingine ilikuwa ya mwanamke aliyefukuzwa kazi akiwa mjamzito. Wiki nyingine Baraza la Dola, mahakama inayopima maamuzi ya serikali, lilikuwa limefuta barua ya kumnyima mtoto viza. Wanawake waliingia wakiwa na hofu ya bahasha walizoletewa na posta, wakatoka wakijua mlango gani wa kubisha.

Mwaka 2007 chama kilipeleka jina lake, na uteuzi ukatoka. Siku ya kuapa Keren alilia. Mama yake hakulia. Alisema viatu vinambana. Jumatano iliyofuata aliwaambia wanawake kwamba kuanzia siku hiyo hatazungumzia tena kesi za kazi jikoni, kwa kuwa sasa anazikata mwenyewe, ila za nyumba na za familia. Walinung'unika, hakubadili.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, la mwaka 2009.

Asubuhi hiyo kulikuwa na kesi ya Désiré, mlinzi wa ghala, mtu wa Kolwezi. Alikuwa amemwachia binamu yake zamu ya siku moja bila kumwambia yeyote, na kampuni ikamfukuza papo hapo kwa kosa kubwa. Lucienne hakuwahi kumwona. Alipanda ngazi, akakuta watu wameketi kwenye mabenchi ya ukumbi wakisubiri. Mahakimu wana mlango wao nyuma, lakini siku hiyo ulikuwa umefungwa kwa matengenezo, kwa hiyo alipita kati ya watu.

Na mama wa Likasi hapiti kimya kimya kati ya watu walioketi. Alianza benchi la kwanza. Alimpa mkono mzee mmoja, akampa mkono msichana, akampa mkono bwana wa tai ya buluu, mmoja baada ya mwingine, huku akiwauliza kama wameamka vizuri. Kwa Kifaransa, mpaka alipofika benchi la mwisho, ambako mtu alisimama na kuinamisha kichwa.

"Jambo, maman."

"Jambo, papa. Batoto beko bien?"

"Beko, maman. Merci mingi."

Mtu huyo alikuwa Désiré. Na wakati huohuo wakili wa kampuni alikuwa anafika juu ya ngazi akihema, faili kwapani. Alichokiona ni salamu hiyo moja tu. Nusu saa baadaye, alipomwona yule mama ameketi upande wa kushoto wa hakimu, alisimama na kuomba kesi iahirishwe. Kabla ya wiki kwisha alikuwa ameleta ombi rasmi kwamba Lucienne aondolewe kwenye kesi, kwa kuwa ana urafiki na mlalamikaji na wanazungumza kwa lugha yao.

Sheria inampa hakimu siku mbili ajibu kwa maandishi: anakubali kutoka, au anakataa. Akikataa, korti ya juu inaamua. Rais wa mahakama alimwita ofisini na kusema naye kwa upole. Kutoka si aibu, mahakimu wakubwa wamewahi kutoka, mwingine atachukua kiti na mambo yataisha. Lucienne alimshukuru.

Jioni hiyo Adelina na Keren walikuwa jikoni, na mimi nilikuwa nimeleta ufunguo wa sanduku lao la barua.

"Toka tu, mama," alisema Keren. "Kesi moja. Nani atakumbuka?"

"Wewe hujui watu," alisema Adelina. "Watasema Mkongo wa kwanza waliyemweka alishikwa akipendelea ndugu zake. Na mwaka wa kuteua tena, chama kitapeleka jina la nani? Si lake."

"Na akikataa halafu wakamtoa?"

"Hapo atakuwa ametolewa mbele ya watu. Ni mbaya zaidi."

Lucienne alikuwa anakausha sahani. "Donc, mi nitoke, niandike kama kusalimia muntu njo kosa," alisema. "Ba juge benye batafata, ba kwetu, nao batapita mbele ya batu sawa mbuzi? Non. Nilimupatia kila muntu mukono. Hata yule wa cravate."

"Wa tai alikuwa nani?" nikauliza.

"Sijue, papa. Nilimusalimia, sikumuuliza jina."

Aliandika jibu lake mwenyewe, mistari michache. Kwamba anakataa kutoka. Kwamba hamjui mlalamikaji. Kwamba asubuhi ile aliwasalimia wote waliokuwepo ukumbini, bila kujua nani ni nani, kama alivyofundishwa nyumbani.

Hakimu anayekataliwa haendi kujitetea. Kwa hiyo siku ya kusikilizwa Lucienne alikuwa kazini Schuman, na sisi ndio tuliokwenda: Adelina, Keren, wanawake wa Jumatano karibu wote, nami. Tulijaza safu za nyuma. Karani alituangalia kana kwamba basi la watalii limekosea njia.

Wakili wa kampuni alisema vizuri, sitamnyima sifa yake. Alisema hamtuhumu yule bibi kwa ubaya, lakini kampuni imeona hakimu akiuliza habari za watoto wa mlalamikaji, na sasa haiwezi kulala kwa amani. Alipomaliza, rais wa korti aligeukia upande wa kampuni na kuuliza kama mwakilishi wake yupo, na kama naye alikuwa ukumbini asubuhi ile.

Akasimama bwana mmoja wa makamo. Tai yake ilikuwa ya buluu. Jina lake Mathieu, mkuu wa wafanyakazi wa kampuni.

"Nilikuwepo," alisema. "Nilifika mapema."

"Ulimwona bibi huyo?"

Mathieu alimtazama wakili wake, kisha akatazama mbele. "Alinipa mkono kabla ya kumpa Désiré. Aliniuliza kama nimeamka vizuri. Nilidhani ni mhudumu wa mahakama. Nilimjibu kwamba sikulala vizuri, kwa sababu ya kesi. Akaniambia pole."

Wakili alifunga faili lake taratibu. Adelina alinifinya mkono mpaka ukaniuma.

Uamuzi ulisomwa siku chache baadaye, na tulikwenda tena. Ombi lilikataliwa. Korti ilisema kwamba ingekuwa vyema zaidi hakimu asizungumze na watu ukumbini kabla ya kesi. Lakini mtu anayewasalimia wote kwa namna moja hajampendelea yeyote, na kutumia lugha ya nyumbani kwa salamu si ushahidi wa urafiki. Hakimu mwanajamii Mwamba atabaki kwenye kesi. Keren alimpigia simu hapohapo kwenye ngazi.

"Mama, unabaki!"

Tulisikia ndoo ikigonga ukuta upande wa pili, na msimamizi akiuliza kuna nini. Lucienne alimjibu kwa Kifaransa, bila haraka: "Hakuna kitu, bwana. Ni habari za kazi yangu nyingine."

Kesi ya Désiré ilisikilizwa, Lucienne akiwa kwenye kiti chake. Hukumu ilipotoka, Désiré alikuwa ameshindwa. Saini ya Lucienne ilikuwa pale na saini za wenzake. Nani alitaka nini chumbani mle hatujui, na hatutajua, kwa sababu waliapa kunyamaza.

Maneno yalizagaa. Jumapili, nje ya kanisa, watu walikuwa wanaagana wakati Désiré alipomwendea moja kwa moja. Watu wakawageukia. Keren alisogea karibu na mama yake.

"Maman Lucienne. Batu banasema ulinikatia kesi."

"Tulikata watatu, papa."

"Na weye ulitaka nini?"

"Ile sitakuambia, hata unipeleke kwa askofu."

Mtu mmoja alicheka. Désiré hakucheka. Lucienne alishusha sauti kidogo, lakini tulisikia.

"Avocat yako, wakili, alikuambia kama uko na mwezi moja ya kufanya appel?"

"Aliniambia. Mi niliona haya. Nilisema, ni hukumu yenye maman wetu aliweka saini."

"Haya ya nini? Haiko hukumu yangu, iko ya tribunal. Kama haikupendeze, panda kule juu, ba juge bengine baangalie kama tulikosa. Njo kazi yabo."

"Na kama banasema mulikosa?"

"Alors tulikosa, papa. Enda kesho, usichelewe."

Désiré akavua kofia, akageuka kwa watu waliokuwa wamesimama wakisikiliza, na kusema kwa sauti kubwa, karibu kwa hasira: "Munasikia? Huyu njo juge."