Mama Wawili Ndani ya Lori

Ipo siku moja ya zamani, mjukuu wangu Rukia, ambayo hunirudia kila nikisikia lori likipunguza mwendo hapo nje. Wewe umenijia na furaha zako kwamba Jumatatu unaanza kazi serikalini, ofisi ya wakimbizi, nami nimefurahi, mashaallah. Basi weka hiyo simu chini, nikupe la kwenda nalo.

Tulikuwa tukiishi Kisauni, Mombasa, mimi, marehemu babu yako na mama mkwe wangu, Bi Rehema. Babu yako alikuwa kibarua kwenye bohari ya mafuta Changamwe. Mama yako alikuwa angali ananyonya. Mwaka huo Somalia ilikuwa ikiwaka moto, watu wakawa wanafika kwa bahari, wamebanana, wengine hata viatu hawana. Serikali yetu, nisiinyime haki yake, ilifungua kambi, si mbali na mji: mahema, unga, maharagwe, madaktari. Redioni tukasikia wakubwa wa vita wameitwa Nairobi wakae hotelini wapatane. Loo! Wakipatana asubuhi, jioni wanapigana. Na watu wakazidi kuja, hata serikali nayo ikaingiwa na hofu, ikatoa amri: kila mkimbizi akae kambini, na mwenyeji atakayemweka mtu nyumbani atashtakiwa.

Amri ilitukuta tushapokea mgeni. Akiitwa Shamsa, mtu wa Barawa, pwani ya Somalia. Bi Rehema alimkuta barazani msikitini na mwanawe mchanga, Munye, shingo haishiki. Mumewe alibaki nyuma, haijulikani yu hai au la. Njaa na hofu za safari zilimkausha maziwa. Mtoto alikuwa halii tena, anafungua mdomo tu. Bi Rehema hakuuliza mtu. Aliwaleta ndani, akaniwekea mtoto mapajani, akasema, "Mpe."

Nikampa. Mama yako upande huu, Munye upande ule. Na sisi sheria yetu waijua: mtoto akikunyonya akashiba, tena na tena, ashakuwa mwanao. Wanao ni ndugu zake, hawaoani mpaka kufa. Bi Rehema alimwita mwalimu wa chuo cha Kurani athibitishe mbele ya majirani. Mwalimu akasema, "Huyu sasa ana mama wawili." Majirani wakaitikia, wakanywa kahawa, wakala kaimati, wakaenda zao. Mimi nikadhani yameisha hapo.

Halafu malori ya kukusanya wakimbizi yakaanza. Yalikuja mchana kweupe, mtaa kwa mtaa. Injini ikinguruma tu kule barabarani, utasikia milango inafungwa, pa! pa! pa! Babu yako akawa chakula hakimshuki. "Wakinishtaki, kazi imekwenda," akininong'oneza. "Na dada huyu akifungua mdomo tu, amejulikana." Ni kweli. Kiswahili cha Barawa ni ndugu na chetu, lakini kina sauti yake. Shamsa akawa hasemi hata akijiunguza jikoni. Mimi nanyonyesha huku nimetega sikio, na maziwa yenyewe yakaanza kupungua. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli, maana niliona yaliyompata Shamsa yananijia mimi, na watoto ni wawili.

Alasiri moja lori likasimama kwetu. Akaingia afisa, kijana wa bara, na askari wa makamo, mtu wa Likoni. Hodi hawakupiga.

"Wewe, kitambulisho," afisa akamwambia Shamsa.

Shamsa alifungua mdomo, akaufunga. Babu yako akatazama sakafu.

"Ingia kwa lori. Na mtoto."

Kambini siku zile kulikuwa na ugonjwa wa kuhara, na waliokuwa wakizikwa ni watoto wachanga. Nani asiyejua? Munye ndiyo kwanza shingo inakaza. Shamsa hakupiga kelele. Alimtoa mwanawe mapajani mwangu, akanibusu mkono, akapanda. Mtoto akaanza kulia kule juu, na kifua changu, mwanangu, kikavuja maziwa mpaka kanga ikarowa.

Nilimuogopa yule afisa, nilimuogopa babu yako, nilimuogopa Mungu. Nikambeba mama yako, nikapanda lorini, nikaketi karibu na Shamsa.

"Wewe mama ni mwananchi, shuka!" afisa akafoka.

"Umemchukua mwanangu," nikasema, na sauti haikuwa yangu. "Akienda, naenda."

"Huyo si mtoto wako. Usinichezee."

Bi Rehema akatoka mlangoni na bakora yake. "Afande, amri ni amri, hatukukatalii. Lakini mtoto huyo yuwanyonya kwa mama huyo, na mtaa mzima ni shahidi. Ukimchukua, mchukue na mama yake. Kisha ukawaeleze wakubwa zako kwa nini umepeleka kambini kitoto kingine, cha hapa Kisauni."

Afisa akamgeukia askari. "Wanasema nini hawa?"

Askari akavua kofia. "Ni kweli, bwana. Kwetu sisi, huyo ni mama yake kabisa. Mimi mwenyewe nina dada wa namna hiyo."

Milango ikafunguka, mmoja, na mwingine. Wanawake wakatoka, wakasimama kando ya lori. Ndipo nilipomtazama yule kijana usoni. Jasho linamtoka, midomo imemkauka. Wallahi, alikuwa anaogopa kama mimi.

"Nikirudi bila mtu nitafutwa kazi," akasema polepole.

"Basi rudi na mtu," Bi Rehema akamjibu. "Mwandikishe, mpe unga wake. Mtoto muache hapa mpaka apate nguvu, na mama mpe ruhusa aje amuone."

Afisa akatoa kalamu. Aliyekata shauri ni Shamsa. Alisema mbele yao, kwa sauti yake ya Barawa, bila kuificha, "Abaki na mamake." Akaniwekea Munye mapajani. Nikashuka na watoto wawili, lori likaondoka naye.

Yule kijana alitimiza aliyoombwa. Kila Ijumaa Shamsa alikuja na ruhusa yake, analia akija, analia akirudi. Mwishowe watu wa misaada wakampatia nchi ya mbali, akaja kumchukua mwanawe. Munye ashakuwa anatembea. Alishika kanga yangu, akakataa katakata. Nikambandua vidole, kimoja kimoja, nikampa mama yake. Ndiye mjomba wako anayenipigia simu kila Ijumaa, aniita mama kabla hata ya salamu.

Sasa sikiliza. Sikwambii uvunje amri, kazi utaipoteza bure. Utaogopa, mwanangu. Utamuogopa mkubwa wako, utaogopa kufutwa. Kuogopa si aibu, mimi niliogopa mpaka meno yakagongana. Lakini ukifika kwenye mlango wa mtu, piga hodi. Ukipiga hodi utasubiri, na ukisubiri utasikia kama ndani kuna mtoto analia. Uliza ananyonya kwa nani. Halafu ndiyo utoe karatasi yako.

Mungu akupe riziki isiyo na machozi ya watu, akuhifadhi utokapo na uingiapo, na moyo wako asiukaushe. Amin. Haya, nishike mkono niinuke, magoti haya hayanisikii. Leo Ijumaa. Simu ikilia pokea wewe, umwambie mjomba wako Munye umepata kazi gani.