Mkono wa Kushoto wa Baba

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu kunyolewa. Kinyozi alipompaka povu shingoni, harufu ya ile sabuni ikanirudisha Kariakoo, kwenye baraza ambako baba alikuwa akinyoa watu.

Mkokoteni wa magunia ulikuwa umemponda mkono wa kulia, na vidole vikagoma kukunjika. Basi akaanza kujifunza kunyoa kwa mkono wa kushoto. Alipaka papai povu, akalipitishia wembe, likachanika, akachukua jingine. Hakuwa akitulia hata wakati wa kula. Wateja wake walimsalimia wakapita.

Asubuhi moja papai likatoka bila mkwaruzo. Baba akaangaza macho huku na huku, akaniona mimi, binti yake, kichwa kimejaa mashilingi, vile vibarango vya mviringo, ambavyo dawa yake ilikuwa kunyolewa kwanza.

"Njoo, mwanangu."

"Wee bwana, huyo si papai!" mama akapiga kelele.

Lakini mimi nilikwishakaa kwenye kigoda, katikati ya magoti ya baba. Wembe ulipita nyuma ya sikio, wa baridi, ukisita, ukaendelea.

"Tulia," baba akasema. "Mbona unatetemeka?"

"Si mimi, baba. Ni magoti yako."

Baba akayabana magoti, akaendelea kunyoa. Alipomaliza, mama alinipapasa kichwa chote akitafuta damu, asiione.  Kisha akasogea ukingoni mwa baraza, akamwita muuza kahawa aliyekuwa akipita:

"Kaka, ndevu hizo utafuga mpaka lini? Njoo ukae hapa."