Mlinzi wa Mayai Thelathini

Mama Nipunguzie, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hajawahi kununua hata sindano bila kuteta bei, alikuwa anafagia aliposikia mashine ya kutotolesha vifaranga ikinyamaza ghafla. Umeme umekwenda. Na baridi ya asubuhi ile ilikuwa ya kuvaa soksi juu ya soksi.

Mayai thelathini, siku ya kumi na tisa. Bado siku mbili yatotoe. Awamu iliyopita yalikufa yote kwa mchezo huu huu, naye kwa hasira akamwahidi wifi yake: yakiharibika tena, chukua mashine ukatunzie viatu.

Alitoa yai moja akaligusisha kwenye kope, maana kiganja hudanganya, kope haidanganyi. Linapoa. Gesi iliisha jana, mkaa umelowa. Nyumba nzima ilikuwa na kitu kimoja tu chenye moto: mumewe, aliyejifunika gubigubi tangu baridi ianze.

"Baba, sogea. Una wageni."

Kichwa kikachomoza. "Wangapi?"

"Thelathini. Hawali, hawaongei. Wewe lala tu, usigeuke."

Mzee alikuwa amelinda ghala la saruji miaka ishirini, akiwa macho labda miwili. Kwa bei, hata hivyo, hakuwa mtu wa kusinzia. "Chai ya kitandani, wiki nzima."

"Siku moja."

"Nne, na nisiambiwe nikaoge."

"Mbili, na kuoga utaoga."

"Haya, lete."

Akayapanga moja moja, kwapani, mbavuni, mengine miguuni, juu yake mablanketi mawili. Saa nne wifi akaingia, mikononi ana futi ya kupimia mashine.

"Kaka! Umeanza kuatamia lini?"

"Usinichekeshe, nitavunja!"

"Wifi, pima mlango utoke," akasema Mama Nipunguzie, huku akiligusisha yai jingine kopeni. Vuguvugu. Bado wamo.

Saa nane mzee akakakamaa kama amepigwa ganzi. "Mama, kwapa linalia."

Akainama kusikiliza. Kweli, ndani ya ganda kuna mtu anateta: pyu, pyu. Nusu saa baadaye mashine nayo ikanguruma. Akayahamisha haraka, la mwisho likiwa lile la kwapani, ambalo mzee alilitoa kwa shingo upande.

Siku ya ishirini na moja vifaranga ishirini na sita walikuwa wanasukumana sandukuni.

"Na yale manne?" mzee akauliza, kikombe mkononi, kitandani.

"Yalikuwa miguuni kwako. Nilikwambia uoge."

Wifi, aliyekuja na viatu vyake ndani ya mfuko kabisa, akauficha nyuma ya mgongo. "Basi niuzie kumi, wifi yangu. Kwa bei ya ndugu."

"Ipo," akasema Mama Nipunguzie, akifunika sanduku. "Ila ilikuwa ya juzi, kabla hujaja na futi."