Kamera Iliyolala Saa ya Kazi

Kuna watu huzaliwa wamechelewa, na wakishazaliwa huendelea hivyohivyo. Dakika alikuwa mmoja wao. Jina hilo alilipata kwenye studio ya picha za vitambulisho, alikofanya kazi kabla ya kwenda chuo. Mteja akikaa kwenye kigoda, yeye husema, "Dakika moja tu." Kisha atamwinua kidevu, atasogeza taa, atarudi nyuma, atakunja uso kama mtu anayeonja chumvi, na mteja wa watu ameshasahau kwamba alikuwa na safari. Lakini picha zake, jamani, zilikuwa picha. Mtu akipigwa na Dakika alitoka vile alivyotamani kuwa.

Ndiyo maana shangazi yake hakucheka siku aliposikia kwamba binti anataka kusomea filamu. Shangazi huyo ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na alikuwa dobi wa nyumba moja ya wageni. Mashuka meupe, foronya, taulo, miaka nenda miaka rudi, mpaka mikono yake ikawa inanukia sabuni hata siku ya mapumziko. Alisema tu, "Nenda. Macho unayo, kilichobaki ni cheti."

Sasa, kule chuoni kazi kubwa ya mwaka ilikuwa moja: kutengeneza dakika mbili za mwanzo wa filamu ya taharuki. Filamu nzima haihitajiki. Ni mwanzo tu, ule unaomfanya mtazamaji asahau bisi mkononi. Kabla ya kupiga, unapanga na kuchora kila picha, na michoro unamkabidhi mwalimu ndipo upewe kamera. Ukishapiga, unasimama mbele ya darasa na kujitathmini: ulikusudia nini, umepata nini, na kwa nini. Filamu ina alama zake na tathmini ina alama zake, na lazima ufaulu kote kuwili.

Mara ya kwanza Dakika alipiga picha nzuri bila mpango wowote. Alipoulizwa kwa nini kamera ilikaa pale na si pengine, akajibu, "Palinipendeza." Darasa likaangua kicheko. Akafeli. Chuo humruhusu mtu kurudia mara moja tu. Akianguka tena anarudisha kitambulisho na jina linafutwa. Kwa hiyo msomaji wangu, kuanzia hapa ujue binti huyu alikuwa anatembea juu ya uzi.

Safari hii alipanga hadi wenzake wakamwonea huruma. Alianza kwa kuuliza watu wanaogopa nini, maana huwezi kumtisha mtu usiyemjua. Muuza viatu alisema anaogopa simu inayopigwa halafu haisemi. Jirani alisema anaogopa mlango uliofungwa ambao asubuhi unaukuta wazi. Shangazi alipoulizwa, alijibu bila kuinua kichwa kwenye pasi, "Mende anayeruka."

"Shangazi, nina kazi ya darasa."

"Na mende naye ana kazi yake. Andika."

Kisa alichopanga kilikuwa chepesi. Mwanamke yuko peke yake katika chumba cha kufulia, ananyoosha mashuka. Simu inalia, anaipokea, kimya. Katika kioo cha mviringo cha mlango wa mashine ya kufulia kinapita kivuli cha mtu. Kitasa cha mlango kinazunguka. Basi, hapo ndipo jina la filamu linapotokea. Kile kioo ndicho kilichokuwa roho ya kazi nzima. Na kwa kuwa kioo huonyesha kila kitu, Dakika alifikiria jambo ambalo wengine wasingelifikiria: taa ndogo nyekundu inayowaka kamera ikirekodi ingeonekana mle ndani kama jicho la paka. Akaandika kwenye mpango wake kwamba taa hiyo itafunikwa kwa utepe mweusi. Mwalimu wao alikuwa mzee mkavu aliyeitwa Mzee Kata, kwa sababu hata ukimsalimia kwa maneno mengi alikwambia, "Kata." Kando ya mstari huo aliandika, "Hapa umefikiri." Dakika aliusoma mstari ule kama barua ya mchumba.

Mwigizaji alikuwa Shangazi, na chumba kilikuwa kilekile alichofanyia kazi. Nyumba ile ya wageni ilikuwa imeuzwa. Wageni walishaondoka, mashine zilikuwa zinangoja lori, na Shangazi aliomba abaki na funguo siku moja kwa ajili ya binti yake.

"Huna huzuni, Shangazi?" Dakika alimuuliza wakifungua.

"Ya nini? Miguu yangu imeomba likizo tangu wewe hujaota meno. Nitalala mpaka nichoke kulala."

Mpiga kamera alikuwa mwanafunzi mwenzake waliyemwita Mbavu, mwembamba kiasi kwamba akikugeukia ubavu unamtafuta. Kamera ya chuo ilikuwa kongwe. Kioo chake cha kutazamia kilipasuka zamani, na ile kona inayoonyesha alama ya kurekodi ilikuwa nyeusi tii. Wanafunzi wote walizoea kutazama taa nyekundu badala yake. Na siku ile taa nyekundu ilikuwa imevalishwa utepe.

"Shangazi, ukiinua simu, ogopa," Dakika alisema.

"Naogopa."

"Uso haujaogopa."

"Mwanangu, uso ninao huu mmoja. Huu ndio umeogopa."

Mbavu alicheka mpaka kamera ikatikisika. Wakaanza kurekodi naye bado anacheka. Walipiga tukio la simu, wakapiga la kioo, wakapiga la kitasa. Kila walipomaliza tukio Dakika aligeukia michoro yake ukutani kuangalia linalofuata, Mbavu akapumzisha mikono, Shangazi akazungukazunguka akisubiri kuitwa. Jioni walifunga mlango, Shangazi akakabidhi funguo, wakarudi nyumbani wakiimba.

Kesho yake, kwenye chumba cha kuhariri, Dakika alifungua picha ya kwanza. Viatu vya Mbavu. Akafungua ya pili. Shangazi yuko mbali, amegeuka, hafanyi lolote. Ya tatu, dari.

"Simu iko wapi?" aliuliza.

Mbavu alisogea, akatazama, na rangi ikamtoka. Pale mwanzoni alipocheka alikuwa amebonyeza mara mbili. Kitufe ni kimoja, huwasha na huzima. Kuanzia hapo kila alipodhani anawasha alikuwa anazima, na kila alipodhani anazima alikuwa anawasha. Kamera ililala saa ya kazi, ikaamka saa ya mapumziko. Siku nzima walirekodi yale yaliyokuwa katikati.

"Wewe ndiye uliyesema tufunike taa," Mbavu alinong'ona. Halafu akaona haya. "Samahani. Kidole ni changu."

Dakika alishatoka. Alikimbia hadi kwenye nyumba ya wageni na kukuta mlango umeachwa wazi. Ndani palikuwa na mabomba yaliyotoka ukutani kama shingo za kuku walionyonyolewa, na alama za miraba sakafuni pale mashine ziliposimama. Mlinzi alimwambia lori limeondoka asubuhi. Dakika alikaa chini katikati ya mraba mmojawapo, na mlinzi, mtu mstaarabu, akaenda kusimama nje.

Akarudi chuoni kuomba muda. Mzee Kata alimsikiliza mpaka mwisho, jambo lisilo la kawaida, kisha akasema, "Ratiba si yangu, binti. Kamera imeshachukuliwa na kundi lingine. Leta ulichonacho."

Alichonacho! Mtu akiishiwa kabisa hupekua hata mfuko uliotoboka. Dakika alirudi kwenye kile kiti cha kuhariri akaanza kutazama vipande vyote, hata vile vya viatu. Ndipo alipomwona shangazi yake.

Shangazi anapitisha kiganja juu ya mashine, taratibu, kama anayempapasa ng'ombe. Anautazama mlango. Anakunja shuka lililokwisha kunjwa. Anautazama mlango tena, kwa namna ya mtu anayejua kuna anayekuja na hataki aje. Anafungua droo, anafunga. Halafu anaketi juu ya lundo la mashuka, anavuta moja jeupe, anajifunika kichwa chote, na mabega yanaanza kutikisika. Hakuna sauti. Ni lile shuka tu, linapanda na kushuka. Kisha inasikika sauti ya Dakika mwenyewe, kutoka pembeni: "Shangazi, tuko tayari." Shuka linatoka. Chini yake kuna uso unaocheka. "Haya, mwanangu."

Dakika alikuwa chumba kimoja naye. Alikuwa amempa mgongo, anasoma mpango.

"Hii inatisha kuliko ile yetu," Mbavu alisema nyuma yake, polepole.

Ilikuwa kweli, na hicho ndicho kilichomuuma. Alikata, akaunga, akaacha mtazamaji asijue nani anakuja mlangoni. Akakata kabla ya sauti yake kusikika, shuka likabaki linapumua, jina likatokea. Zilikuwa dakika mbili za kumfanya mtu ageuke kutazama nyuma. Lakini hakuweza kuzipeleka bila kuuliza.

Shangazi alizitazama jikoni, kwenye simu ya Mbavu, akiwa na kisu mkononi na kitunguu nusu. Zilipoisha akaendelea kukata kitunguu.

"Kumbe ndivyo ninavyokaa."

"Hatukukusudia, Shangazi. Kamera ilikosea. Ukisema nifute, nafuta."

"Ukifuta, una nyingine?"

"Sina."

"Basi usifute." Alikata kidogo. "Lakini useme nilikuwa naigiza. Huyo mwalimu wako, hao wenzako, wote uwaambie hivyo. Watu wakiona mwigizaji analia, wanapiga makofi. Wakiona dobi analia, wanamhurumia. Mimi huruma ya watu nisiowajua sina pa kuiweka."

"Sawa, Shangazi."

"Niahidi."

"Nimeahidi."

Siku ya tathmini darasa lilijaa. Filamu ya Dakika ilipoisha, hakuna aliyekohoa. Kisha makofi, na mmoja nyuma akasema, "Washeni taa kwanza, mimi siko sawa," watu wakacheka kwa kujifariji. Mbavu aliulizwa kuhusu kamera. Akajibu kwamba walibadili mawazo palepale wakaamua kupiga kisirisiri, kama mtu anayechungulia. Akapita.

Ikaja zamu ya mwongozaji. Mzee Kata aliweka michoro ya Dakika mezani, ile aliyoisifu.

"Hapa kuna simu. Kwenye filamu hakuna simu. Hapa kuna kioo, kule hakuna. Si neno, mipango hubadilika. Niambie kitu kimoja tu. Huyu mama, pale anapojifunika shuka, ulimwelekezaje? Ulimwambia nini?"

Dakika alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, alilitunga njia nzima: nilimwambia afikirie siku ya mwisho ya kazi. Lilifika kwenye ulimi likakwama. Kulisema kungekuwa kusema kwamba aliyajua yaliyokuwa kifuani mwa shangazi yake, kwamba yeye ndiye aliyeyaita yakatoka. Na yeye alikuwa amempa mgongo.

"Binti?"

"Alikuwa anaigiza, Mwalimu."

"Nimeona. Ulimwelekezaje?"

Dakika aliitazama michoro yake pale mezani.

Mzee Kata alivua miwani. Sauti yake ilishuka, na waliokaa mbele ndio waliomsikia. "Nikuambie ninachofikiri. Kamera ilikuwa inarekodi, na mama wa watu hajui. Hutokea. Kama ndivyo, sema ndivyo, ueleze ulivyotambua na ulivyohariri, na mimi nina cha kuandika hapa. Ni hivyo?"

Mlango ulikuwa wazi, ndugu zangu. Neno moja tu, "ndiyo," lingetosha. Mbavu alikuwa anamkodolea macho, anatikisa kichwa juu chini kama anayevuta maji kisimani.

"Alikuwa anaigiza," Dakika alisema.

"Na wewe mwongozaji hukumwambia neno."

"Sina jibu la hilo, Mwalimu."

Mzee Kata alivaa miwani, akaandika, akachukua muda mrefu kuandika. "Filamu imepita," alisema mwishowe. "Wewe hujapita."

Nje, Mbavu alimshika mkono. "Ungesema ndiyo! Shangazi angejuaje?"

"Wewe ukimeza siri unapata kwikwi, Mbavu. Na darasa zima lina midomo."

"Kwa hiyo ndiyo basi?"

"Ndiyo basi." Alikuwa ameshakitoa kitambulisho kwenye kamba ya shingoni, amekishika kwa vidole viwili kama kitu kinachochoma, na alipokikabidhi dirishani karani alilazimika kukivuta.

Nyumbani alimkuta Shangazi ameketi mlangoni amevua viatu. Alikuwa amezunguka kutafuta kazi, na nyayo zake zilisema amerudi mikono mitupu.

"Haya," Shangazi alisema, "walisemaje kuhusu mwigizaji?"

"Walipiga makofi. Mmoja aliomba taa ziwashwe."

Shangazi aliinama akasugua kisigino, akificha tabasamu. "Uliwaambia?"

"Niliwaambia ulikuwa unaigiza."

"Wakaamini?"

"Mwalimu alisema amekuona."

Shangazi aliridhika na jibu hilo. Kisha akamtazama binti vizuri, kuanzia shingoni, pale kamba ilipokuwa haipo.

"Na wewe je?"

"Mimi sikupita."

"Kwa kosa gani?"

"Kuna swali lilinishinda."

"Swali gani hilo, la kumshinda mtu aliyejaza ukuta mzima michoro?"

"La mwongozaji, Shangazi. Mambo ya shule tu."

Shangazi alichukua viatu vyake akaviweka kando. Alikuwa mtu wa kujua doa lilipo kabla shuka halijakunjuliwa, na huenda alilijua na hili, lakini hakuuliza tena. Alisogea akampa nafasi kwenye kizingiti, wakakaa wamebanana, mabega yakigusana, wakitazama watu wakipita kutoka makazini.

"Basi kesho," Shangazi alisema, "hakuna wa kumwamsha mwenzake."