Mkono wa Inayat Lodhi Sakafuni

Katika majira ya baridi ya Lahore, ukungu ulipokuwa ukishuka hadi kwenye ngazi za ukumbi wa maigizo, Inayat Lodhi alifundishwa adabu ambayo hakuiacha tena. Alikuwa bado kijana, na familia yake ilikuwa imehamia huko kutoka Kisumu, alikozaliwa na kukipata Kiswahili chake. Mkuu wa kikundi alimweleza kwamba mwigizaji hakanyagi jukwaa kabla ya kuligusa kwa vidole na kuvipeleka kwenye paji la uso. Hiyo ndiyo salamu kwa waliomtangulia.

Kwa adabu hiyo aliigiza jukwaani miaka mingi, kisha katika filamu, kisha katika televisheni, hata watu wakawa wanamwita sokoni kwa majina ya wahusika wake. Wanajeshi waliposhika serikali ya Pakistan, michezo aliyoipenda ikakosa kibali. Mwaka 1981 akafika Stockholm, Uswidi, akapata nyumba katika mtaa wa Tensta na kazi ya kupanga mizigo ghalani katika kitongoji cha Jordbro. Mara chache aliitwa kuigiza, na kila mara alikuwa mpita njia asiyesema neno.

Mwaka 1985 akapewa nafasi ya kusema: mwuza dawa anayemwambia mama kwamba mtoto wake atapona. Maneno hayo ya Kiswidi aliyakariri jikoni hadi majirani wakayajua.

Siku ya kurekodi alifungua mlango wa duka la kuigizia lililojengwa studioni, akainama. Kamera ikapata mgongo. Mwongozaji akauliza kama ameangusha kitu. Wakarudia, na mkono ukashuka wenyewe. Waliporudia tena ikawa vilevile, na mwongozaji akasema kwa upole kwamba ikishindikana safari hii, sehemu hiyo atapewa mwingine.

Fundi wa taa alikuwa Severin, Mtanzania aliyekuja kusomea umeme akabaki. Akashuka ngazini.

“Mzee Lodhi, umepoteza kifungo?”

“Nawaamkia walionitangulia, mwanangu.”

“Si uwaamkie kule nyuma ya mlango?”

“Kule ni njia ya kupitia tu. Jukwaa ni hapa.”

Severin akarudi ngazini. Alisogeza taa moja hadi mwanga ukaangukia nyuma ya mlango.

“Taa yangu ikifika, ni jukwaa. Haya, shikamoo zako zimalizie huko.”

Inayat akautazama ule mwanga, akainama, akagusa. Kisha akaingia akiwa wima, akamwambia mama yule kwamba mtoto atapona.

Baada ya hapo alipata sehemu nyingine za kusema, ingawa ndogo. Mwaka 1988, utawala wa wanajeshi ulipokwisha naye akijiandaa kurudi Lahore, alipita studioni kumuaga Severin. Hapakuwa na mchezo siku hiyo. Aligusa sakafu, akagusa paji la uso, akavaa koti na kwenda kupanda treni.