Ng'ombe wa Mahari na Jiko la Gesi

Juzi nilikuwa kijijini Didia kwenye mahari ya rafiki yangu, maana shughuli nisipofika mimi hugeuka msiba. Wazee wa upande wa binti walishachagua ng'ombe wao, ndipo mama wa bwana harusi akatoka jikoni na mwiko, akaziba mlango wa zizi.

"Hawatoki! Samadi yao ndiyo gesi ya jiko langu. Nirudi kwenye kuni?"

"Mayo, mama yetu, mavi na mahari wapi na wapi?" akafoka mzee mmoja.

Bwana harusi alinitazama kwa macho ya kuomba, ndoa yake inazama. Dawa niliijua, ila nilikuwa natafuna nyama.

Shangazi wa binti akaingia jikoni. Akafungua koki, akawasha, akacheka peke yake. Moshi hakuna, chozi hakuna. Akatoka.

"Nusu ya ng'ombe hawa ibaki. Badala yake, mje mtuchimbie mtambo wa gesi ya samadi kama huu. Ng'ombe tunao, jiko hatuna."

Wazee wakaguna.

"Nani anapika kwenu?" akawauliza.

Mzee aliyefoka akaanza kuhesabu nusu. Ndoa ikapita, vigelegele!

Nyie mabwana wa nishati mpya mnaotuhutubia kwa vipaza sauti, pumzikeni. Mwingizeni shangazi mmoja jikoni, mkale.