Mgeni wa Mzee Omari

Hili lilinitokea mimi mwenyewe, saa tisa mchana, jua linawaka. Sikusimuliwa na shemeji wala jirani. Na usidhani mimi ni mtu wa mizimu; ukiniletea habari za majini huwa nacheka mpaka mwenye habari zake ananuna.

Miaka mingi nyuma treni yetu ilikwama Munisagara, mvua imekula reli. Tulikaa pale siku mbili. Kwenye behewa letu walikuwemo Mzee Omari na mkewe, Mama Zaina, wenyeji wa Kilosa, na mama yule alinilisha siku zote mbili kutoka kwenye kapu lake kana kwamba alinizaa. Tangu hapo tukawa watu wa kupigiana simu na kutumiana salamu za Idi. Kila mara walinikaribisha kwao, kila mara nikajibu kwamba nikipita nitaingia. Halafu simu yangu ikaibwa, namba zikapotea, nami nikajiambia ndiyo basi.

Mwaka jana nilikuwa likizo, nazunguka na gari langu. Nililala Mikumi, kesho yake nikachelewa kuondoka kwa ajili ya pancha, nikashika njia ya vumbi ya Kilosa. Niliwakumbuka, sikatai. Lakini kwao sikupajua, na nilitaka kufika Gairo kabla ya giza.

Kabla sijafika Kilosa mjini nikaona mwanamke amesimama katikati ya njia, mikono kiunoni. Nikafunga breki. Niamini, nilimtambua kabla hajafungua mdomo: Mama Zaina. Nikashuka, nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Mama wa kule, asiitikie shikamoo? Ningeshtuka pale pale, ila furaha ilinizidi. Nikamwambia nina haraka, nitarudi siku nyingine.

"Leo hupiti, mwanangu," akasema. "Uingie ule na mzee. Usikubali kula peke yako."

Akageuka, akaingia kwenye kijia kati ya mahindi. Nikafunga gari nikamfuata, na nakwambia nilihema kumfikia. Nyumba ilipoonekana yeye akazungukia nyuma, upande wa jikoni. Mimi nikapiga hodi mbele.

Alinifungulia binti yao, Zaina. Nilipomwambia mimi ni yule wa kwenye treni akaanza kulia. Akaninong'oneza kwamba mama amefariki, leo siku ya kumi na moja, na baba tangu mazishi anakunywa maji tu. Ndugu wamembembeleza mpaka wamechoka, sasa hata kusimama anashikiliwa. Wanaogopa watazika tena.

Ungefanya nini wewe? Mimi nilikaa barazani.

Mzee akatolewa nje kunisalimia, amekonda mpaka nikaona huruma. Ukaletwa ugali na mlenda, tukaletewa maji ya kunawa. Akaniambia nile, yeye hajisikii. Nikarudisha mikono mapajani, nikasema sili peke yangu nyumbani kwa mtu. Mwenyeji gani wa kule atamwacha mgeni wa safari akae na njaa yake? Akanawa. Akamega tonge moja, dogo.

Ndipo akaniuliza nani kanielekeza, maana sijawahi kufika kwake. Nikatafuta uongo, sikuupata.

"Mama mwenyewe, mzee. Kanisimamisha barabarani."

Hakushtuka. Aliuliza jambo moja tu.

"Alikuwa anatembea?"

Nikamwambia alitembea vizuri sana, mimi ndiye niliyebaki nyuma. Basi akalia mzee wa watu, kwa sababu mkewe alilala kitandani miezi minane, miguu haimbebi. Alilia huku anakula. Tulimaliza ugali ule wote, Zaina akasonga mwingine.

Mzee Omari yupo mpaka leo, analima. Mimi ndiye sikupona. Mtu akinipungia mkono barabarani moyo unanilipuka, nasimama, hata kama ni muuza ndizi tu. Mke wangu ananisema, nami namwacha aseme. Kwamba niliongea na marehemu nimeshazoea. Linaloniamsha usingizini ni kwamba nilimwambia nina haraka.

Kwa hiyo nakuonya. Ukiwa safarini, mtu akakusimamisha akakuambia ingia ule, zima gari. Hujui ametoka wapi kukufuata, wala nani huko ndani hatakula mpaka ufike.